Joto la Kanda

Jumatatu, 3 Juni
Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi, usimwonyeshe mtu hata herufi moja. Mimi ni karani wa masjala, bado niko kwenye majaribio. Ijumaa Meneja anaamua kama nabaki. Ameniagiza wimbo wa kumuaga Mama Mhazili, ambaye nafasi yake imefutwa. Nimeurekodi chumbani kwa kompyuta. Dada kausikiliza, kasema ni safi. Safi kama wodi.

“Hauna joto, mdogo wangu.”

Jumanne, 4 Juni
Nimeimba ndani ya kabati, blanketi kichwani. Nimepata jasho tu. Fundi redio kanicheka. Kasema niupitishe wimbo kwenye kanda, kisha niurudishe kwenye kompyuta. Kanda ndiyo hulainisha sauti. Kanda! Stoo ya ofisi ina rekoda kuukuu, Meneja huitumia kunasia vikao.

Jumatano, 5 Juni
Nimeitoa rekoda stoo, nimeificha kwenye mkoba wa chakula, bila kusaini. Mtunza stoo kauliza mbona mkoba umenenepa. Nikasema viazi. Akasema anapenda viazi.

Ndani ya rekoda mlikuwa na kanda. Nikarekodi juu yake. Loo! Sauti nene, laini, kama ya mtu aliyelala vizuri. Dada kafumba macho. Kasema anasikia kama kuna mtu ananong'ona kwa nyuma. Nikamwambia hilo ndilo joto lenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Kumbe rekoda ile haifuti vizuri.

Wimbo ulipigwa ukumbini. Ubeti wa kwanza, watu wakatikisa vichwa. Nilipopumua kabla ya kiitikio, spika ikatoa sauti ya Meneja, ndogo lakini dhahiri: “Mwambieni nafasi imefutwa. Akishatoka, nampa mpwa wangu.”

Mama Mhazili akaweka chini kipande chake cha keki.

“Rudisha nyuma, mwanangu,” akaniambia. “Hapo ulipopumua.”

Nikarudisha. Ningefanyaje? Ni mama mtu mzima.

Jumamosi, 8 Juni
Mama Mhazili haondoki. Mpwa haji. Mimi nimeongezewa miezi sita ya majaribio, na mtunza stoo anaulizia viazi vyake. Dada kanisihi niachane na kanda. Nimemkubalia kwa mdomo tu, maana kosa nimeliona: nilipumua. Wimbo ujao hauna pa kupumulia.

Ukiwa na rekoda ya kuniazima, njoo mlango wa nyuma wa masjala, saa saba mchana. Gonga mara mbili, taratibu. Ukiulizwa umebeba nini, sema viazi.