Nuru Isiyo na Haraka

Jumatatu, 8 Julai

Kiwanda cha sabuni kinatafuta mtunza saa. Hatimaye! Kiwanda kiko juu ya kilima hiki, ghala lao juu ya kilima cha pili, bonde katikati. Kila upande una saa yake ya ukutani na king'ora chake, na kila upande unalalamika kwamba wenzao wanaachiwa mapema. Meneja, mama mmoja asiyecheka hata kwa bahati mbaya, anataka ving'ora vilie pamoja. Atakayeweza atapewa kazi, pamoja na chumba nyuma ya ghala.

Chumba ninakihitaji. Dada ametangaza, mbele ya shemeji na watoto, kwamba Jumapili kochi lao linarudi kuwa kochi. Shemeji alilipapasa tu, kama mtu anayempa pole mgonjwa.

Mpinzani wangu ni Bwana Betri, yule anayebadilisha betri za saa kwenye kibaraza cha duka la viatu na kujiita fundi. Fundi! Hajawahi kufungua saa ikakubali kufungwa tena.

Jumanne, 9 Julai

Nimepata mbinu ya Betri. Ataiweka saa yake ya mkononi sawa na saa ya kiwanda, atashuka bonde, atapanda, kisha ataiweka ya ghala sawa na ya mkononi. Basi! Anabeba wakati kama karanga mfukoni. Nilicheka mpaka dada akauliza kama naumwa. Nimesoma mimi (nusu ya kitabu, nusu nyingine ililiwa na mchwa) kwamba saa inayosafiri hubaki nyuma ya iliyotulia. Kwa kiasi gani, sijui. Kiasi ni habari ya wachuuzi.

Mimi natumia nuru. Namulika ghalani kwa kioo cha kunyolea, mlinzi wa ghala ananirudishia kwa kioo chake. Napima muda wa kwenda na kurudi, nagawa kwa mbili, napata safari moja. Kisha namulika tena saa nne kamili. Mlinzi akiona tu, anaweka saa yake saa nne kamili na muda wa safari juu yake. Nilimweleza meneja yote haya. Akasema atasikiliza king'ora, si mimi.

Jumatano, 10 Julai

Jua zuri. Nikamulika. Nikasubiri. Kioo cha mlinzi kilimeta baada ya sekunde arobaini! Nusu yake ishirini. Vitabu vinadai nuru huizunguka dunia yote kabla hujapepesa jicho. Waliovitunga hawajafika kwenye bonde hili.

Baadaye nilikutana na mlinzi. Akajitetea bila kuulizwa: mwanga aliuona palepale, ila kioo kilikuwa mfukoni, mfuko una kifungo, kifungo kinataka mikono miwili, na mkono mmoja ulikuwa na kikombe cha chai. Nilimsikiliza kwa huruma. Sayansi inaongea, yeye analeta habari za vifungo.

Mlinzi aliiweka saa ya ghala saa nne kamili nilipomulika tena, nami nimeshaiongeza sekunde zake ishirini. Betri akapita, akanipigia kelele: "Vipi, mzee wa miale, imefika au bado iko njiani?" Simba hajibizani na nzi.

Alhamisi, 11 Julai

Fedheha. King'ora cha ghala kililia kwanza. Cha kiwandani kimya! Sekunde ishirini ni mwaka mzima kwa mtu aliyekoroga sabuni tangu alfajiri. Wa kiwandani wakapiga ndoo. Wakaimba jina langu, na si kwa kunisifu.

Meneja akaniita. Nikamfafanulia taratibu, kama mtu anavyomlisha mtoto, kwamba mambo mawili ya mbali yanayotokea pamoja kwa aliyetulia hayatokei pamoja kwa aliye mwendoni. Bila shaka mama alivisikia ving'ora akiwa garini. Akasema gari liko gereji tangu juzi, na alivisikia akiwa ameketi kitini mwake. Nikaanza kuuliza kuhusu kiti. Akasema kama mwendo una nguvu zote hizo, basi nianze mwendo mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Betri ameshuka bonde, amepanda, ameweka saa. Ving'ora vimelia kama koo moja. Bahati ya asiyesoma! Wamempa chumba.

Nilimkuta njiani anahangaika na godoro. Akasema nishike upande wa pili, kaka, twende sambamba. Nilishika, kwa utu tu, nikamweleza mpaka mlangoni kwa nini mbinu yake haifanyi kazi. Akasema asante.

Jumapili, 14 Julai

Nimehamia kwa shangazi, stoo, kati ya mkaa na baiskeli isiyo na gurudumu. Mtu mwingine angekata tamaa. Lakini niliona mara moja: saa ya sebuleni na ya jikoni hazipatani! Shangazi akasema niziache, yeye huchelewa kwa zote mbili. Sikumsikiliza. Nikampa mfuniko wa sufuria unaong'aa, nikamketisha jikoni, nikamwambia akiona tochi yangu ainuke anirudishie mwanga mlangoni. Nikamulika. Shangazi akamwita Mungu, akalaani magoti, akamwita tena. Mfuniko ukameta baada ya karibu dakika nzima.

Dakika nzima, ndani ya nyumba! Kumbe nuru ya humu ni dhaifu kuliko hata ya bondeni. Nimegawa kwa mbili, nimesogeza saa ya jikoni mbele.

Betri angekuwepo leo, angejifunza kitu.