Meli ya Kwanza Kufika Kinango

Wananchi wote wa Msambweni wanaarifiwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Serikali ya Kenya huru imefaulu kumpata mtaalamu wake wa kwanza kutoka nchi za nje, pamoja na mkewe. Wapokewe vizuri. Wasishikwe-shikwe.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa Ofisi ya Kukaribisha Wataalamu wa Ughaibuni mnamo Januari 1964, mwezi mmoja baada ya bendera mpya kupanda. Mtaalamu mwenyewe alikuwa Nzai, karani wa chanjo za ng'ombe. Mkewe alikuwa Mbodze, mwenye mimba ya miezi minne. Nchi ya nje waliyotoka ilikuwa Kinango, mwendo wa asubuhi moja kwa lori.

Msicheke. Jambo lilikuwa na msingi wake. Kabla ya uhuru, Mwambao ulikuwa wa Sultani na bara lilikuwa koloni la Mwingereza, na mpaka ulipita katikati, maili kumi kutoka baharini. Mtu wa Kinango aliyekuja kufanya kazi Msambweni alikuwa ametoka nchi moja akaingia nyingine. Uhuru uliufuta mpaka. Kitabu cha kijani cha kanuni, alichoacha Mzungu, haukukifuta, kwa sababu barua ya kukifuta haikuletwa, na Bwana Sefu, mkuu wa ofisi, hakuwa mtu wa kufuta kitu bila barua.

Bwana Sefu alizaliwa papo hapo Msambweni. Kwa miaka kumi na minane alikuwa tarishi wa Mzungu. Sasa kiti kilikuwa chake, na alikuwa amekikalia wiki tatu bila kumpata mtaalamu hata mmoja wa kumkaribisha. Alipoliona lori likiwashusha Nzai na Mbodze na kuku wao, moyo wake ulitulia.

"Ka-ri-bu-ni," aliwaambia, polepole na kwa sauti kubwa. Akainua kikombe mbele ya uso wa Mbodze. "Ma-ji."

"Shikamoo, bwana," Mbodze alisema. "Maji twayajua."

"Marahaba. Vizuri sana. Mtazoea."

Mbodze alimtazama mumewe. Kwao Kinango maji yalifuatwa tangu alfajiri, na kama kuna neno ambalo mtoto alilijua kabla ya jina lake, basi ndilo hilo. Nzai aliangalia viatu vyake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza.

Walipewa kila walichostahili: kofia mbili ngumu za kukinga jua, chujio, kwinini, kopo la siagi, na mpishi aliyekatazwa kutia pilipili mpaka matumbo ya wageni yazoee. Mbodze, aliyechunga mbuzi tangu ana miaka sita, alikatazwa kutoka nje kuanzia saa nne hadi saa kumi, asije akaunguzwa na jua la nchi ngeni. Kila Jumanne mwalimu alikuja kuwafundisha maneno hamsini ya Kiswahili, mengi yao ya kuamrisha. Nzai alifaulu mtihani. Mbodze alianguka kwa kosa la kuongeza "tafadhali".

Miezi ya mwanzo alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Mimba ilipotimia miezi saba, kicheko kikamwishia. Akavaa kofia yake, kama kanuni zilivyotaka, akaenda ofisini.

"Bwana Afisa, naomba ruhusa ya kwenda kwetu. Huyu ni wa kwanza. Kwetu sisi, wa kwanza huzaliwa kwa mama."

"Hongera, Memsabu." Kitabu kilimtaka amwite hivyo. Akakifungua, akateremsha kidole. "Mtaalamu na mkewe watarudi kwao kila baada ya miezi thelathini. Mmekaa mitatu. Imebaki ishirini na saba. Si mingi."

"Mtoto hatangoja, bwana."

"Ndiyo maana pana kifungu cha uzazi. Mama mjamzito aruhusiwe mara moja." Mbodze alishusha pumzi. "Kwa meli," Bwana Sefu alimalizia.

"Kinango hakuna bahari."

"Hilo halikutajwa."

"Hakuna hata maji ya kunywa, bwana wangu. Lori la Boga, lile lililotuleta, huenda kila Alhamisi. Nipande, niende zangu."

Bwana Sefu aliumia waziwazi. "Mke wa mtaalamu, juu ya lori la mbuzi? Watu watatuonaje? Tulia, Memsabu. Jambo lako linashughulikiwa."

Na lilishughulikiwa kweli, asisingiziwe mtu. Siku hiyo hiyo Bwana Sefu aliandika barua kwa wakubwa, akieleza kwamba bandari ya Kinango ilikuwa imecheleweshwa mno. Wakubwa, waliokaa Nairobi na ramani yao ikiwa bado imekunjwa, walijibu baada ya wiki tatu. Bandari imekubaliwa. Wakaleta darubini moja na mlingoti wa bendera. Meli itatafutwa.

Miguu ya Mbodze ilikuwa imevimba. Hakutaka siagi wala chujio. Alimtaka mama yake, basi, ile mikono imkande na ile sauti imwambie sukuma. Aliogopa kuzaa katikati ya watu waliomsemesha kama kiziwi. Nzai alisema wangoje kidogo. Mbodze alimwambia angoje yeye, kwa kuwa hakubeba kitu.

Alhamisi iliyofuata alirudi ofisini, akakaa kitini bila kukaribishwa.

"Nisomee, bwana. Kitabu chako chasema meli ni kitu gani?"

Bwana Sefu alipenda sana kuulizwa swali ambalo jibu lake limeandikwa. "Meli," alisoma, "ni chombo chochote chenye jina ubavuni, nahodha mwenye leseni, na nafasi ya mizigo."

Mbodze alinyoosha kidole dirishani. Ng'ambo ya barabara Boga alikuwa akipakia mbuzi. Ubavuni mwa lori lake paliandikwa kwa rangi nyekundu: SINA MAKUU.

Bwana Sefu aliyasoma maandishi hayo, herufi kwa herufi. Alikuwa mbishi, lakini hakuwa mdanganyifu. Kilichosemwa na kitabu alikifuata hata kikiwa na magurudumu. Akachukua kalamu, akatoka.

"Nahodha ni nani?"

"Dereva ni mimi," Boga alijibu.

"Maboya?"

Boga alimwonyesha tairi la akiba.

"Nanga?"

"Lipo jiwe. Breki zikikataa mlimani, abiria mmoja huruka akaliweka chini ya gurudumu."

"Chombo kimewahi kuvuja?"

"Redieta tu, bwana."

Bwana Sefu aliandika: *huvuja kidogo*. Kisha akapiga muhuri. Meli Sina Makuu, safari moja, kwenda Kinango. Mbodze alipandishwa mbele na kofia yake kichwani, na Bwana Sefu akasimama kando ya barabara akipunga leso mpaka vumbi likamfunika.

Kalama alizaliwa baada ya siku kumi na moja, mikononi mwa bibi yake. Mbodze alilia kwa furaha kuliko mtoto mwenyewe.

Huku nyuma ripoti ilipelekwa Nairobi: *Bandari ya Kinango imepokea meli yake ya kwanza. Abiria mmoja, mbuzi wanane, wote salama.* Wakubwa walifurahi, na mtu aliyewafurahisha hawakutaka apotee bure. Bwana Sefu akapandishwa cheo: Mkuu wa Bandari ya Kinango, aripoti mara moja. Kiti chake akikalie mtaalamu Nzai, maana pale ofisini hakuna mwingine aliyejua ugeni ni nini.

Bwana Sefu alikwenda kwa miguu, mizigo juu ya punda. Lori la Boga halikuwa na cheti kingine cha meli.

Mvua ya masika ilipita mbali na Kinango mwaka ule. Arobaini ya mtoto ilipokwisha, Mbodze alikuwa akirudi kutoka kisimani, debe kichwani juu ya kata, Kalama mgongoni, ile kofia ngumu ikining'inia mkononi. Alimkuta Bwana Sefu chini ya mlingoti wake, kando ya lambo lililokauka, darubini shingoni na midomo imempasuka.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, Mama Kalama." Lile neno Memsabu lilibaki Msambweni. "Nasikia lori la Boga laondoka kesho."

"Meli."

"Hiyo meli. Nataka kwenda kwetu. Mwezi mzima sijamwona samaki."

"Cheti amekileta Boga, Nzai amekipiga muhuri. Safari moja, kwenda Msambweni, mama na mtoto. Wewe hukuandikwa."

"Mwambie mumeo aniandike."

"Nitamwambia. Lakini kitabu ulimwachia yeye, na anakisoma chote. Umekaa mwezi mmoja, bwana. Imebaki ishirini na tisa."

Bwana Sefu aliinua darubini, akatazama upeo wa macho. Palikuwa na miiba na ng'ombe wa watu. Mbodze akamwonea huruma, huruma ya kweli. Alilitua debe, akamvika ile kofia, akachota kikombe na kukiinua mbele ya uso wake.

"Ma-ji," alimwambia, polepole na kwa sauti kubwa.

"Maji," alisema Bwana Sefu.

"Vizuri sana. Utazoea."