Mbwambo Ameshinda Mbuzi

Leo nimeaibika, tena mbele ya ukoo mzima.

Mnajua natengeneza programu ya kikundi cha wakulima wa tangawizi kijijini kwetu, huku juu Upareni. (Ndiyo, ile niliyowachosha nayo kwenye hili grupu.) Mwenyekiti wao, mama asiyependa mzaha, alinipigania kwenye kamati: "Mwacheni binti ajaribu. Akiharibu, tunarudi kwenye kalamu." Leo ndiyo siku ya kujaribu. Ukumbi wa kanisa umejaa. Nje kafungwa beberu mnene, zawadi ya mkulima aliyeleta tangawizi nyingi kuliko wote msimu huu.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwenye programu yangu kila gunia ni objekti, yaani kama kadi ya taarifa: lina jina la mwenyewe, ukoo wake, namba yake ya uanachama na kilo zake. Programu inayachukua magunia yote, inayapanga kwa makundi, kila mkulima na kundi lake, kisha inajumlisha kilo za kila kundi. Mwenye jumla kubwa ndiye mwenye mbuzi. Jana nikiwa Same mjini niliijaribu kwa wakulima wa kubuni: Mbwambo mmoja, Mrutu mmoja, Mshana mmoja. Majibu safi kabisa! Nikajipongeza kwa soda.

Basi leo projekta ikawaka ukutani. Nikabonyeza.

MSHINDI: ELIAMANI MBWAMBO.

Ukumbi wote ukanigeukia.

Eliamani Mbwambo ni baba yangu mzazi. Msimu mzima kaleta gunia moja, nalo halikujaa!

Mzee akanyanyuka, akaweka kofia sawa, akatoka nje kumfungua mbuzi. Akawapungia watu mkono! (Ardhi ilikataa kupasuka.)

"Hiyo kompyuta imezaliwa nyumba gani?" mtu akauliza kutoka nyuma. Kicheko.

Bibi Anaeli, ambaye mgongo wake kijiji kizima kinaujua kwa kubeba tangawizi, hakucheka. "Mjukuu wangu, mimi mgongo unaniuma. Baba yako kinamuuma nini?"

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Ifunge, mwanangu. Watu wale chakula waende."

"Samahani mama, sifungi. Sitoki hapa mpaka isome sawa."

Jasho linanitoka, nikaanza kupekua mistari, na kila ninachoandika kinaonekana ukutani. Kumbe! Nilikuwa nimeiambia ipange magunia kwa ukoo. Kwa ukoo, jamani, Upareni! Nusu ya ukumbi ni akina Mbwambo. Programu iliwakusanya wote ikawafanya jitu moja, ikajumlisha kilo zao zote, halafu ikalibandika jina la mwenye gunia la kwanza kupimwa. Baba. (Alianza msimu kwa kasi, akachoka siku hiyohiyo.)

Nikafuta "ukoo", nikaandika "namba ya uanachama". Nikabonyeza.

MSHINDI: ANAELI MBWAMBO.

Vigelegele! Bibi akasimama. Mwenyekiti akapumua. Kila mkulima ukutani na jumla yake, hakuna aliyemezwa na mwenzake. Nikaanza kutabasamu.

"Mbuzi yuko wapi?" akauliza Bibi Anaeli.

Hayupo. Baba alishafika naye kwenye kona ya barabara.

Nikavua viatu, nikatimua mbio. Nikamkuta, nikashika kamba.

"Baba, mrudishe, nilikosea!"

"Ukutani waliandika jina la nani?"

"Lako, lakini..."

"Basi!"

Tukavutana. Yeye huku, mimi kule, mbuzi katikati analia, na ukumbi wote umetoka nje na simu juu. Hatimaye Bibi Anaeli akaja taratibu, akamkazia baba macho. Baba akaiachia kamba mwenyewe. Mimi nikaenda chini kwa makalio.

Programu wameikubali, wataanza kuitumia msimu ujao. Video nayo imeshafika mpaka wilaya jirani ya Mwanga.

Sasa hivi baba yuko kibarazani anamweleza jirani kwamba kompyuta ilisema kweli, ila binti yake alihongwa. Tafadhali mkicheka, chekeni kimyakimya. Chakula cha usiku bado nakila kwake.