Dakika Kumi na Tano Hazimtoshi Corinne Wangu

Binti yangu Corinne atasimama mbele ya majaji watatu wa rufaa, watatu kwa mpigo, na mimi ndiye niliyemzaa.

Ndugu Karani wa Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho, St. Louis,

Salamu nyingi kutoka Hasselbach. Niwie radhi kwa kutanguliza habari kabla ya salamu, lakini ingekuwa yako ungeweza kuibana? Hata muuza nyama wetu, ambaye hajampongeza mtu tangu ateguke goti, ameniongezea soseji mbili.

Anayemtetea ni Mzee Orville Teague, aliyeendesha basi la shule hapa kwetu miaka ishirini na miwili bila kukwaruza hata sanduku la barua. Alipoanza kuvaa mashine za masikioni za kumsaidia kusikia, bodi ya shule ikamwachisha kazi. Kesi ikaenda kwa jaji wa shirikisho, na hadi leo Orville anashinda kibarazani, kofia ya kazi kichwani, akitazama basi lake likipita na dereva mwingine. Corinne akaniambia kesi imefika rufaa. Sikuuliza zaidi. Kila mtu anajua anayekwenda rufaa ni aliyeonewa.

Kwa hiyo ninayo malalamiko, na ninayaandika kwa heshima zote.

1. Dakika kumi na tano. Nasikia kuna taa: kijani sema, njano malizia, nyekundu nyamaza. Ndugu Karani, mtoto huyu nilishikwa na uchungu wake kwa saa kumi na tisa. Kwenye arusi ya binamu yake alihutubia dakika arobaini, na waliosinzia walikuwa wawili tu, mmoja mtoto mchanga. Naomba apewe saa nzima, na ile taa nyekundu ifunikwe. Kitambaa nitashona mwenyewe.

2. Majaji kumkatiza. Eti hata sentensi ya pili hawaisubiri. Kwangu mimi, anayemkatiza mwenzake hapati keki.

3. Jalada la hoja zetu za maandishi mmelipa rangi nyekundu, la bodi mkalipa buluu. Nyekundu ni wino wa mwalimu kwa aliyefeli. Mmeshahukumu kabla ya kufungua kitabu?

4. Mnataka notisi ya rufaa ipelekwe katika mahakama ileile iliyotoa hukumu, tena ndani ya siku thelathini. Huko ni kumshtaki mwizi kwa mama yake, na mama mwenyewe anatazama saa. Mimi ni mama, najua tunavyoamua. Ziwe siku mia moja. Watu wengine wana mavuno.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Hamtaki ushahidi mpya. Corinne anasema majaji wenu hawamwiti shahidi. Wanasoma yaliyoandikwa kule mahakama ya chini na kuangalia kama jaji alikosea. Basi na paka wangu je? Siku ya tatu tangu avae zile mashine, asubuhi ya barafu, Orville alisimamisha basi mbele ya geti langu, watoto thelathini wakipiga kelele ndani. Akashuka, akalala kifudifudi kwenye theluji, akamtoa paka mchanga chini ya injini. Alimsikia akilia. Mimi nilikuwa hatua tatu tu, na sikusikia kitu. Kule chini sikutoa ushahidi huo kwa sababu siku ya mashahidi nilikuwa kwa daktari wa meno. Paka yupo, amenenepa, nitakuja naye. Fungueni mlango wa ushahidi mpya, na uwe wazi kwa kila mtu.

Nisalimie majaji wote watatu, mlinzi wa mlangoni, na mama zao kama bado wapo.

Ni mimi mama mzazi wa wakili,
Verna Kloepfer

N.B. Corinne ameisoma barua hii, akavuta kiti akakaa. Akasema, "Mama, sisi tulishinda. Bodi ndiyo iliyokata rufaa. Orville hajarudi kazini kwa sababu amri ya kumrudisha imesimamishwa mpaka rufaa iishe. Jalada jekundu ni la anayejibu." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. "Nilikwambia. Ulikuwa kwenye simu na muuza nyama."

Tena, kumbe bodi imepata barua ya daktari mpya, aliyeandika baada ya hukumu kwamba Orville hawezi kutofautisha honi na kengele. Barua hiyo inasubiri nje ya mlango uleule niliowaomba mfungue.

Ningeichana barua yangu, lakini stempu nimeshabandika. Kwa hiyo naomba: mlango huo ufungeni, mtie na komeo. Paka atabaki nyumbani. Siku thelathini ni nyingi mno. Wakili wao mkatizeni tangu neno la kwanza, na taa yake iwake nyekundu tu. Namba moja, kwa upande wa Corinne peke yake, bado mnaweza kuifikiria.

Orville amepiga pasi kofia yake. Hasselbach nzima tunakuja, na keki ya siagi tutakula nje kwenye ngazi, washindi na washindwa. Nawe usikose, Ndugu Karani: Jumatano, tarehe 14 Mei, saa tatu asubuhi.