Mafua ya Luqmani

Jumatatu, 14 Julai 2025. Mjimwema, Njombe.

Baridi kali. Bomba liligoma kutoa maji mpaka jua lilipopanda. Sikunawa. Nina mambo makubwa.

Jumamosi kampuni ya maparachichi inafanya usaili wa wakala wa Njombe na Makambako. Mmoja tu! Wa kuogopwa ni Luqmani, mfanyabiashara wa Makambako. Nikikosa, narudi kupasua mbao kwa kaka yake Hulda, mke wangu. Yule bwana ananiita "kijana wangu" mbele ya wateja, na tumelingana umri. Siwezi. Kweli siwezi tena.

Luqmani ana akili ya biashara. Mwaka juzi tulinunua maparachichi bonde moja. Yangu yalikataa kuiva, yakasinyaa kama masikio ya babu. Yake yaliiva yote. Haki iko wapi?

Jioni shemeji Jasmine, mdogo wake Hulda, alitueleza kazi yake. Yupo likizo, anasomea mambo ya ubongo ng'ambo. Anasema maabarani kwao wanachukua kirusi, wanakiondolea ugonjwa wake, wanakipakia jeni, kisha wanakidunga kwenye ubongo wa nyani. Kirusi kinaingia kwenye seli na kushusha mzigo, kama lori pale Makambako. Seli zilizopokea zinang'aa kijani kwenye darubini. Wanatumaini siku moja watatibu maradhi ya ubongo kwa watu. Hulda aliuliza kama nyani wanaumia. Jasmine alisema wanalazwa kwa dawa kwanza, lakini swali hilo humnyima raha hata yeye. Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nimeshaelewa.

Kirusi hupeleka jeni kwenye ubongo. Na Luqmani, nimesikia sokoni leo, ana mafua!

Jumanne, 15 Julai.

Nilimpima Jasmine kwa mbali. Niliuliza, mtu mwenye akili akipiga chafya, akili kidogo si hutoka nayo? Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema mafua hubeba mafua, hayachoti kitu kwa mgonjwa. Virusi vyao hupakiwa na wataalamu, kwa kazi ya miezi. Tena hakuna jeni moja ya biashara. Tena nyani akiwa ameshakutana na kirusi cha aina hiyo, kinga yake hukifukuza kabla hakijafika popote.

Wasomi ndivyo walivyo. Ukikaribia siri, wanacheka.

Nimeshika hilo la kinga. Leo sikunywa tangawizi, sikugusa ndimu, nimeshinda bila sweta. Kinga lazima ilegee. Hulda aliuliza kama nimechanganyikiwa. Nilimwambia ni mazoezi.

Jumatano, 16 Julai.

Makambako kwa Luqmani. Mkewe, Rukaiya, alinionya mlangoni kwamba mgonjwa yuko hoi na anaambukiza. Nilimjibu kuwa ndugu hawaachani kwenye shida. Akafuta machozi!

Luqmani alikuwa kwenye kochi na blanketi, amejiziba pua kwa leso. Nilimsihi asijibane, apige chafya kwa uhuru, ajisikie yuko nyumbani. Akasema hapa ni nyumbani kwake. Nilikunywa chai kwenye kikombe chake, nikajifanya nimekosea. Nilimkumbatia kupita kiasi. Akasema, "Bwana Filbert, tangu niugue hajaja mfanyabiashara hata mmoja. Nawe ndiye mshindani wangu, ndugu yangu!"

Niliona aibu. Ikapita.

Kisha akasema haendi kwenye usaili, kifua kimembana, na afadhali kazi niipate mimi kuliko mtu baki. Ujanja! Akaanza hotuba ya watakachouliza. Eti usichague parachichi kwa ukubwa. Pasua moja, tazama ngozi ya kokwa. Ikiwa nyeupe na nene, tunda ni changa, litasinyaa. Ikiwa ya kahawia na nyembamba kama karatasi, vuna. Eti kikonyo kikatwe kwa mkasi, kisinyofolewe. Nani kamuuliza? Mimi nilikuwa nasubiri chafya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka usoni pake. Ikaja! Nikaivuta yote.

Nyumbani nilimlalamikia Hulda jinsi nilivyochoshwa. Akataka nimsimulie hotuba yote, neno kwa neno, na maswali juu yake. Hulda anapenda sana habari za watu.

Ijumaa, 18 Julai.

Imeingia! Pua inatiririka, kichwa kinagonga. Bila shaka mzigo unashushwa. Nilijijaribu kwa hesabu za mwanangu Anderson, wa darasa la sita. Nilikosa zote. Jasmine anasema hata kwa nyani jeni huchukua majuma kuanza kazi. Majuma! Usaili ni kesho!

Hulda alinipikia uji na kuuonja kwa kijiko changu. Mke mwema.

Jumamosi, 19 Julai.

Balaa! Mlangoni kwa kampuni kuna tangazo: mwenye mafua haingii penye matunda. Mlinzi, mtu wa kwetu, aliniitikia "kamwene", salamu yetu, kwa heshima, akanizuia kwa heshima ileile. Nilimweleza kuwa haya siyo mafua, ni sifa za kazi. Nikampigia chafya kwenye kofia.

Hulda alikuwa amenisindikiza. Akasema ombi ni la familia, basi ataingia yeye. Nilibaki kwenye baridi nikimhurumia. Atawaambia nini, maskini?

Alitoka na kazi. Wakala ni Hulda! Nasikia walimwekea kreti ya maparachichi manene, ya kutamanisha. Wengine wote waliyasifu. Yeye aliomba kisu, akapasua moja, akatazama kokwa, akaikataa kreti nzima.

Nilifurahi, sifichi. Nilimshika mkono barabarani, watu wakituona. Sirudi kwenye mbao! Lakini njia nzima nilijiuliza: Hulda kapata wapi akili ile?

Jumatatu, 21 Julai.

Hulda ameamka anapiga chafya. Nikaruka kitandani. Kila kitu kiko wazi! Virusi vya Luqmani vilipita kwangu, vikavuka kwa kijiko, vikamfikia kwa wakati. Kwangu vilikuta kinga imara. Nina mwili wenye nguvu mno; ndilo tatizo langu maishani.

Nilimweleza Jasmine. Aliuliza kama sikumbuki hotuba ya Luqmani niliyomsimulia dada yake. Nikasema ile ilikuwa maneno tu. Akaenda kufunga mizigo, na likizo yake haijaisha.

Hulda amenipa kazi ya kuchambua matunda. Kila nikiweka moja kwenye kreti anasema, "Baba Anderson, hilo changa," na analitoa. Hii haiwezi kuendelea. Nahitaji akili ya kumzidi, na nimeshajua ilipo: kwa aliyemzaa. Mama mkwe anaingia kesho kutoka kijijini, na anakohoa vibaya sana. Kwa desturi yetu mtu na mama mkwe wake hukaa mbalimbali, hata kiti hawachangii. Nimemwambia Hulda asihangaike kwenda stendi. Nitampokea mimi, na tutakaa kiti kimoja.