Ombi la Kuzuia Mbao Zisiingie Jikoni Mwangu

Kwa Shemeji Yangu, Seremala,

Naanza na salamu, maana sikulelewa kuanza na ugomvi. Sisi hapa wazima, isipokuwa sakafu ya jiko. Tangu ulipoikanyaga Jumapili bila viatu na kutangaza kwamba ni ya baridi kama ya mochwari, inasubiri hukumu. Dada yako anataka mbao ngumu, nawe umemwahidi kuja Jumamosi kuvunja vigae. Leo ni Jumatatu. Naandika mapema nisije nikaambiwa nilikaa kimya.

Nimeweka vigae katika nyumba za watu kwa miaka kumi na tisa, nikitembea kwa magoti. Jiko langu ndilo sakafu ya kwanza niliyoimaliza bila kumkabidhi mtu ufunguo. Vigae mia moja arobaini na vinne, kumi na viwili kwa kumi na viwili, na hakuna hata kimoja kilichokatwa, kwa kuwa vigae nilivinunua kwanza, kuta zikajengwa kuvifuata. Wewe ukaja na kikombe cha chai mkononi, ukaibomoa kwa sentensi moja.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Uliacha vipande vitatu ili dada yako achague: mvule, mninga, na kimoja cheupe ulichokiita "mbao ngumu ya kisasa". Hicho cheupe nimekibonyeza kwa ukucha kikabaki na shimo. Shemeji, mimi si chui. Huo ni msonobari, na ugumu wake ni wa mdomoni mwako tu.

2. Jikoni mwetu maji humwagika mara kumi na moja kwa siku. Nimehesabu. Mara nne ni za mama yangu, ambaye huosha bakuli kama anazima moto. Nimelaza kipande cha mvule ndani ya beseni usiku kucha, kikavimba milimita mbili. Chumba kinataka mbao arobaini. Zikivimba zote hivyo, ni sentimita nane. Zitakwenda wapi? Ukuta hausogei. Itabidi tupande kilima kufuata vikombe kabatini.

3. Umemwambia dada yako kwamba mbao zinataka kuheshimiwa: maji yafutwe papo hapo, viatu vivuliwe mlangoni, mafuta yasiruke, sufuria isiburuzwe. Nimeishi na dada yako miaka kumi na minne. Hata siku niliyokuja kumposa sikupewa masharti mengi namna hiyo.

4. Sasa tufuate masharti yako mpaka mwisho. Kama mafuta hayatakiwi, tukaangie nje. Kama maji hayatakiwi, tuoshee vyombo nje. Oveni nayo inamwaga makaa, kwa hiyo itoke. Nitalazimika kujenga jiko la pili uani kwa ajili ya kupikia, hili la ndani libaki la wageni kulitazama wakiwa na soksi. Na hilo la uani, kwa sababu litakuwa na maji, mafuta na makaa, litahitaji vigae. Umeona ulipotufikisha?

5. Limebaki suala la miguu, na hili sicheki. Dada yako huoka mikate ya kuuza. Anasimama saa saba kwa siku, na anasema ikifika mchana baridi imeshampanda mpaka kiunoni. Nimemnunulia kandambili nene jozi mbili. Nimemtandikia mkeka. Akaniambia mbele ya watoto, "Wewe uliilaza siku tano, mimi nimeisimamia miaka sita." Watoto wakapiga makofi. Maneno hayo hayawezi kuwa yake, Shemeji. Yamepigwa randa.

6. Jikoni kwako wewe, seremala mzima, pana saruji tupu yenye ufa kutoka mlangoni hadi dirishani. Nimeupima kwa macho, si chini ya mita mbili. Mbao unazowahubiria watu mbona hujaziheshimu kwako?

Kwa hiyo naomba mambo mawili tu. Jumamosi uje kama mgeni, mikono mitupu. Na ukishaketi, umwambie dada yako kwa sauti ya kusikika kwamba ulikosea.

Msalimie mkeo, watoto wote, mama mkwe, na jirani yako yule anayekudai meza tangu mwaka juzi.

Ni mimi, nduguyo kwa ndoa na mpinzani wako kwa sakafu,

Fundi Vigae

Nyongeza: Barua hii imekaa juu ya friji, leo ni Alhamisi. Juzi dada yako alipokwenda kupeleka mikate, nilivua viatu nikasimama mahali pake mbele ya oveni, niushike uongo wake. Dakika ya arobaini na moja nikatafuta kiti. Vigae nimeshaving'oa vyote kwa patasi, kimoja kimoja, maana sikutaka nyundo ya mtu mwingine ivifikie. Lete mninga. Tena usingoje Jumamosi, njoo kesho asubuhi, anapikia kwenye vumbi. Nitapiga magoti upande wa dirisha, wewe uanzie mlangoni.