Fundi Filbert na Ekseli ya Bi Zamzam

Kila asubuhi, kabla ya chai, Filbert Ndunguru alijipaka grisi. Wenzake wa Kariakoo walijipaka mafuta ya nazi. Yeye alichovya vidole viwili kwenye kopo alilolificha chini ya kitanda, akapaka viganja, akapaka kidogo kwenye viwiko, kisha tone moja shavuni, mahali ambapo fundi aliyechoka angejifuta jasho. Mwisho alichomeka spana namba kumi na tatu kwenye mfuko wa shati, kama makarani wa Posta wanavyochomeka kalamu, akatoka kutafuta riziki.

Katika miaka sita tangu aje mjini kutoka Songea, Filbert hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba yeye ni fundi wa magari. Tumtendee haki katika hilo. Watu walimwita fundi wenyewe, naye hakuwa na moyo wa kuwakatalia. Spana ile haikuwahi kufungua kitu chochote isipokuwa chupa za soda.

Alhamisi hiyo alikuwa amefika shavuni, kidole kikiwa hewani, alipochungulia dirishani na kusahau alichokuwa akifanya. Chumba hicho alikipanga juzi tu, na geti la nyumba ya ng'ambo alikuwa hajaliona likifunguliwa. Sasa lilikuwa wazi, na uani mama mmoja wa makamo, kanga kiunoni, alikuwa akipangusa gari. Lilikuwa gari la bluu, la kabla ya Uhuru, lenye mataa ya mviringo na vyuma vinavyong'aa kama masufuria ya bibi harusi.

Filbert alimeza mate. Miaka ile gari jipya lilihitaji kibali, kibali kilihitaji kumjua mtu, na mtu mwenyewe alikuwa anasubiri kibali. Alimfahamu meneja mmoja wa shirika, Bwana Aristides, ambaye angetoa chochote apate gari la namna hiyo.

Mama alipoingia ndani kuchukua maji, Filbert alivuka barabara. Spana ikapata kazi yake ya pili maishani: ilibandua kifuniko cha gurudumu la nyuma. Akatumbukiza nati moja nene, akakibana kifuniko mahali pake, akarudi ng'ambo. Kununua karanga kungemchukua muda mrefu zaidi.

Haukupita muda, mama akalitoa gari kulizungusha mtaani, kama alivyofanya kila wiki ili betri isife. Gurudumu likalia: kongo, kongo, kongo. Nyuma ya sauti hiyo palikuwa na mvumo mwingine, mrefu, wa kusikitisha, lakini Filbert alidhani ni basi linapita. Masikio yake yalikuwa yakisubiri nati yake tu.

Gari liliposimama getini, yeye tayari alikuwa hapo, akipita zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani, mimi napita tu. Ila sauti hiyo imenisimamisha. Ni ekseli ya nyuma, mama. Pole sana."

Alivua kofia, kama mtu aliyefika msibani. Mama, ambaye jina lake ni Bi Zamzam, aliitazama mikono yake kwa makini.

"Kwani wewe ni fundi?"

"Mikono hii unaionaje, mama?"

"Naiona ina grisi."

"Basi."

"Haya, mwanangu. Hebu niambie, inalia ukikanyaga mafuta, au ukiachia?"

Filbert alifumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. "Kote kote."

"Kote kote," alirudia Bi Zamzam polepole. "Marehemu mume wangu alikuwa akiuliza hivyo. Alikuwa fundi wa mabasi. Mimi nilikuwa namshikia taa tu."

Katika maneno hayo yote Filbert aliokota moja tu: marehemu. Akaeleza kwa huruma kwamba difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, limeliwa meno. Akaeleza kwamba difu nyingine haipatikani nchini, na ile iliyo njiani ipo kwenye meli ambayo haijaanza safari. Yeye, kwa kumsaidia tu kupata nafasi uani, angeweza kulichukua kama chuma chakavu.

"Mimi pesa sina pa kuipeleka," alisema Bi Zamzam. "Madukani kwenyewe hakuna kitu. Mimi ninataka cherehani. Ushirika wa washonaji hapa Mchafukoge unapokea wanachama Jumatatu, na anayekwenda bila cherehani yake harudi tena mpaka mwakani. Mwaka mzima huu nimeshona sare za shule kwa mkono, Fundi. Macho yanakwisha."

Hapo Filbert karibu acheke kwa furaha. Chini ya kitanda chake, jirani na kopo la grisi, ilikaa cherehani nzuri ya mkono aliyoishinda kwa karata. Karata zilikuwa zake, na baadhi zilikuwa na masikio yaliyokunjwa kidogo, lakini ushindi ni ushindi.

"Mama," alisema, "Mungu amenileta."

"Huenda," alisema Bi Zamzam. "Njoo Jumamosi ulijaribu kwanza. Leo niache nilizoee wazo la kuachana nalo."

Jumamosi walizunguka mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, Bi Zamzam akiendesha. Gari lilinguruma vizuri mbele na kulia kongo-kongo nyuma. Zaidi ya hapo, kimya. Filbert aliipapasa dashibodi kama shingo ya ng'ombe aliyekwishamnunua.

"Ukikimbia sauti inanyamaza," alisema Bi Zamzam. "Ajabu ya ekseli hii."

"Ndiyo dalili ya mwisho, mama. Inakata roho."

"Maskini."

Waliposhuka, Filbert alinusa. "Hapa kuna harufu ya ndizi mbivu."

"Nilinunua mkungu mzima. Karibu, zimebaki." Akampa mbili. Alizila zote, akazisifu.

Jumapili, misa ilipokwisha, balozi wa nyumba kumi, Mzee Eliakimu, alikuja na daftari lake na mhuri wake. Cherehani ilikwisha kuwekwa barazani. Bi Zamzam alikuwa amelizungusha gurudumu lake mara moja, akalitazama tundu la sindano, akageuka upande ili wasimwone anavyotabasamu.

"Andika, balozi," alisema, "mtu asije akasema kesho nimemdanganya. Aseme mwenyewe gari lina nini."

"Ekseli ya nyuma imekufa," alisema Filbert.

"Imekufa kabisa?"

"Imekufa na kuzikwa."

Balozi aliandika polepole, huku akisoma: "Mimi, Filbert Ndunguru, nimelikagua gari hili, nimeona ekseli yake ya nyuma imekufa, na nimelipokea hivyo hivyo kwa hiari yangu." Akainua kalamu. "Hapa niandike fundi?"

"Kwani wewe ni fundi?" aliuliza tena Bi Zamzam, kwa upole.

"Andika unavyoona wewe, mzee," alisema Filbert, akatia sahihi.

Kwenye kona ya kwanza alisimama, akabandua kifuniko, akaitupa nati mtaroni. Gari likaenda kimya kama paka kwenye zulia. Filbert aliimba. Alipanga kufika Magogoni, karibu na kivuko, ambako Bwana Aristides alikuwa akimsubiri, na biashara iishe mapema, maana miaka ile gari halikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana.

Alipofika Posta, gari liliguna. Alipoipita, likaanza kunung'unika. Mpaka anafika Magogoni lilikuwa likilia uuuuu, kilio kirefu cha kusikitisha, na watu waliokuwa kwenye foleni ya kivuko waligeuka wote, wengine wakasogea pembeni kwa heshima.

"Hilo ni gari au fisi?" aliuliza Bwana Aristides.

"Ni baridi tu, bosi."

"Baridi? Dar es Salaam?"

Dereva wa meneja, mtu wa maneno machache, aliomba spana. Ile namba kumi na tatu haikufaa. Akaleta ya kwake, akalala chini ya gari, akafungua kizibo cha difu, akaingiza kidole. Alikitoa, akakinusa, akakitazama tena kama asiyeamini.

"Bosi, ni ndizi."

"Ndizi?"

"Ndizi na unga wa mbao. Hila ya zamani. Inajaza palipolika, difu inanyamaza siku moja mbili. Ndani humu hakuna jino zima. Nani kakuuzia, kaka? Mafundi wote wa Kariakoo wanaijua difu ya gari hili la bluu. Hata marehemu mwenye gari, fundi wa mabasi, ilimshinda."

Filbert alikumbuka zile ndizi mbili alizokula na kuzisifu.

Alirudi alikotoka huku gari likilia mtaa kwa mtaa. Lilipofika Mnazi Mmoja, kitu kilisema "kaa!" nyuma, na safari ikaishia hapo. Akalala chini yake, akavuta hiki, akasukuma kile, mafuta meusi ya ndizi yakamdondokea mikononi na usoni. Alipotoka, viatu vya askari vilikuwa mbele yake.

"Saa nane na dakika kumi," alisema askari. "Gari hairuhusiwi kutembea."

"Afande, haitembei."

Askari alilizunguka gari, akafikiri. Ilikuwa kweli. "Basi huruhusiwi kuiacha hapa."

"Nitaisukuma."

"Ukiisukuma itatembea."

Walilitafakari jambo hilo wote wawili kwa uzito uliostahili, umati ukiongezeka na kutoa maoni. Mwishowe askari aliamua kwamba gari linalosukumwa ni mkokoteni, na mkokoteni haukutajwa kwenye amri. Vijana wanne walimsaidia Filbert kusukuma. Njia nzima walimwita fundi.

Bi Zamzam alikuwa barazani, nyuma ya cherehani, sare ya tatu mkononi. Hakushtuka. Alimkaribisha maji ya kunawa na kibao cha kukalia. Filbert hakunawa. Hotuba aliyoitunga njia nzima ilimtoka kichwani.

"Umenidanganya, mama," alisema kwa udhaifu.

"Wapi? Ulisema imekufa, nikakubali. Balozi ameandika." Akakata uzi kwa meno. "Nati yako niliiona siku ile ile, mwanangu. Kinachogonga taratibu na kunyamaza ukikimbia kimo kwenye kifuniko, si kwenye ekseli. Niliitoa, nikaitazama, nikairudisha. Mwaka mzima nilitafuta mtu wa kulichukua gari hili, lakini kila aliyekuja alikuwa anajua magari."

Filbert alikikalia kile kibao.

"Mara mbili nilikuuliza," aliendelea Bi Zamzam, na sauti yake haikuwa na kejeli tena. "Ungenijibu vizuri mara ya kwanza, nisingeweka ndizi hata moja; ungejibu vizuri ya pili, ningeifuta biashara. Ningekuonyesha difu ilivyo. Marehemu alifundisha watu wengi kwenye uwanja huu, na taa yake bado ninayo. Sasa nakuuliza mara ya tatu, halafu sikuulizi tena. Wewe ni fundi?"

Kwa mazoea, Filbert aliinua mikono ili aonyeshe. Kisha akaiona. Ilikuwa myeusi mpaka ndani ya kucha, uchafu wa kweli, usiotoka kwenye kopo. Nje ya geti wale vijana wanne walikuwa bado wanamsubiri, wakisikiliza. Aliishusha mikono magotini.

"Hapana, mama," alisema. "Mimi si fundi. Napenda tu mnavyoniita."